Mwali wa Kitengo

Mwanangu alivunja ungo siku ya Jumanne akiwa shuleni, na mwalimu wake akanipigia simu nikiwa nimeinamia cherehani. Alisema, "Mama, njoo na kanga, na usije na presha." Nilijua hapohapo. Niliacha sketi niliyokuwa naipiga pindo ikining'inia kwenye sindano, nikabeba kanga mbili badala ya moja, nikatoka na ndara zangu za nyumbani. Nilipofika nilimkuta amekalia kiti cha mwalimu, jambo ambalo siku nyingine haliruhusiwi, anakula biskuti. Aliponiona akasema kwa sauti iliyosikika darasa zima, "Mama, mie mkubwa."

Darasa lenyewe tunaliita kitengo. Ni chumba kimoja pembeni mwa shule ya msingi ya kawaida huku kwetu Mbagala, na wanaosoma humo ni watoto wenye ulemavu wa akili, wakubwa kwa wadogo. Mwanangu alikuwa na miaka kumi na tano. Anahesabu mpaka ishirini kama hakuna anayemharakisha. Anafua, anapanga vyombo vizuri kuliko mimi, na sura ya mtu akishaiona mara moja haimtoki. Kusoma hajui. Maneno yake ni machache na mafupi, ila hakuna hata moja analolitoa bure.

Tulirudi nyumbani kwa bajaji, yeye akiwa amejifunga kanga yake mpya na kuwapungia mkono watu asiowajua, na kabla hatujafika nilikuwa nimeshaamua kwamba atachezwa. Sisi ni watu wa kusini. Wazee wetu walitoka upande wa Masasi na Newala, na mila hii tumekuja nayo mpaka Dar es Salaam. Msichana akivunja ungo anawekwa ndani siku kadhaa pamoja na kungwi, mwanamke anayewafunda wali, anafundishwa kujitunza na kuishi na watu, halafu siku ya kutoka anabebwa mabegani na kutolewa nje kwa ngoma, ndugu na majirani wakimtuza. Kuanzia hapo hakuna anayemwita mtoto. Mabinti watatu wa dada yangu walichezwa. Mimi sikuchezwa, na sababu yake nitaisema. Lakini wangu angechezwa, tena mbele ya mtaa mzima, na asiyetaka angejijua mwenyewe.

Wa kwanza kutotaka alikuwa dada yangu.

"Unamcheza ili iweje?" aliniuliza. "Mie simsemi vibaya mtoto, ni wangu pia. Lakini yale mambo ni ya kushika kichwani. Yeye atashika nini? Utachosha watu tu."

"Watu wakichoka watalala."

"Na wakimcheka?"

"Wakacheke kwao."

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Hata hivyo ile hasira ya siku ile ilikuwa na hofu ndani yake, maana dada alikuwa ametamka tu kile ambacho mtaa mzima ungekiwaza. Nilimwona mwanangu katikati ya uwanja, amefunikwa kanga, na watu wanakonyezana. Nilijiuliza kama nataka kumtoa yeye au nataka kujitoa mimi. Swali hilo nililiweka kando kwa sababu nilikuwa na sare arobaini za kumaliza.

Kungwi niliyemwita anakaa mtaa wa pili. Ni mama mtu mzima, mnene, mwenye ugoro wake kwenye kikopo cha plastiki na simu inayocheza tamthilia za Kituruki saa zote. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama, akaingia ndani kukagua. Alifunua pazia la chumba cha kwanza. Akafunua la pili. Kisha akageuka.

"Milango iko wapi?"

"Hakuna."

"Nyumba nzima?"

"Kuna wa mbele na wa nyuma."

"Mwanangu, mwali hawekwi nyuma ya pazia, kila mpita njia amchungulie. Tafuta mlango."

"Mlango sitaki."

"Basi mwali humtaki," akasema, akaongeza sauti ya simu yake na kuondoka.

Nyumba yangu haina milango ya ndani kwa sababu ya shangazi yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka saba. Dada yangu mkubwa akabaki kwa bibi Masasi, mimi nikaletwa kwa shangazi, Segerea. Nikisema nimekulia Segerea watu hucheka kwa ajili ya lile gereza, wananiuliza nilihukumiwa miaka mingapi, nami nacheka nao. Shangazi alikuwa anauza mkaa. Nyuma ya nyumba palikuwa na stoo ya magunia, haina dirisha, mlango wake wa bati una komeo kwa nje. Nikivunja sahani, stoo. Nikikojoa kitandani, stoo. Nikichelewa dukani, stoo. Siku nyingine hapakuwa na kosa lolote, ila yeye alikuwa anatoka na hakutaka nimgusie sukari yake. Nilijifunza kutolia mapema sana, kwa sababu ukilia vumbi la mkaa linakukwama kooni na unakohoa mpaka unaona nyota. Nilikuwa nakaa nimekumbatia magoti nikisikiliza majirani wakipita, na majirani walikuwa wanajua.

Nilipovunja ungo alinirushia pamba akaniambia nisimletee mimba. Hakuna kungwi, hakuna ngoma. Nikiwa na miaka kumi na saba nilitoroka na nguo nilizovaa, nikapokewa na mama mmoja wa Tandika aliyekuwa anafundisha ushonaji.

Kwa hiyo nilipoolewa na tukajenga vyumba vyetu viwili, nilimwambia mume wangu kwamba vyumbani nataka pazia. Mume wangu anachonga vinyago kule Mwenge, yaani ni mtu wa mbao tangu asubuhi mpaka jioni, na wenzake walimcheka sana kuwa fundi analala chumba kisicho na mlango. Hakuniuliza sababu. Alinunua nguzo za pazia akazifunga. Choo tuliwekea mlango, lakini hata huo mimi huuegesha tu, na familia yangu imezoea kukohoa kabla ya kukaribia. Nampenda mume wangu kwa mambo mengi, na hilo la kutouliza ni la kwanza.

Mtoto wetu alikaa akiwa na mwaka na nusu, akatembea akiwa na miaka mitatu. Watu walisema mengi. Wengine walisema nimerogwa. Wengine walisema nimeiuza akili yake nipate utajiri, na huo utajiri ningependa siku moja waje wanionyeshe ulipo. Mimi sikuwa nasema chochote. Niliamka kila asubuhi mwili mzito, nikamlisha, nikashona, nikamlisha tena. Kuna majuma sikuchana nywele. Mume wangu akiniuliza nina nini nilisema nimechoka, na kweli nilikuwa nimechoka, ila uchovu ule haukuisha kwa kulala.

Sasa niandike lile ambalo kwa miaka mingi sikulisema. Mwanangu alipokuwa na miaka sita alikuwa na tabia ya kuondoka. Alishanipotea mara mbili, na mara ya pili tulimkuta pembeni mwa Barabara ya Kilwa anaangalia malori. Siku moja nilikuwa na sare za kupeleka shule moja Temeke na sikuwa na wa kumwachia. Nilimwingiza chumbani, nikasukuma kabati la nguo nikaziba pale penye pazia, nikaondoka. Nilijiambia ni kwa saa moja tu. Zikapita saa nne. Niliporudi na kulisogeza kabati, nilimkuta amekaa kwenye kona, amekumbatia magoti, kimya. Hakulia na hakunikimbilia. Aliniangalia tu, kama mtoto aliyekwisha kujua kwamba kulia hakusaidii. Ule mkao niliujua.

Kesho yake nilimbeba mgongoni, mkubwa vile, nikaenda hospitali. Muuguzi akaniuliza nani mgonjwa. Nikasema mimi. Akauliza naumwa wapi, nikashindwa kuonyesha. Nikasema, "Nimemfungia mtoto." Sijui alielewa nini, lakini aliacha karatasi zake, akanishika mkono, akanipeleka kwa mshauri nasaha. Huko ndiko nilikosikia kwamba uchovu wangu una jina, unaitwa sonona, na kwamba unatibika. Nilipewa dawa kwa muda. Nilipewa na jambo jingine gumu kuliko dawa: kukaa na akina mama wenzangu kila Ijumaa mchana, kwenye madawati ya kitengo, watoto wakiwa wanacheza nje.

Siku ya kwanza mshauri alituambia, "Kabla hatujazungumza habari za watoto, nataka kujua nyie wenyewe mlilelewaje."

Nilisimama. "Mie nimekuja kwa ishu ya mtoto," nikamwambia, "sikuja kwa ishu ya shangazi."

Hapakuwa na mtu aliyetaja shangazi yeyote. Wenzangu walinitazama, kisha mmoja akaanza kucheka, nami nikacheka, na kicheko kile kikanigeukia kilio kibaya ambacho sikuwahi kukilia mbele za watu. Mama aliyekuwa pembeni yangu, mwenye mtoto wa kiume asiyesema kabisa, alikunja mkono wa gauni akatuonyesha makovu ya moto aliyotiwa na baba wa kambo. Basi kila mtu akaanza kutoa la kwake. Tulikuwa wanawake sita, na hakuna aliyekuwa amewahi kuulizwa.

Nilichojifunza pale si kikubwa. Nilijifunza kwamba mikono ikianza kuwasha kwa hasira nimkabidhi mtoto kwa mtu, au nitoke uani nifue kitu chochote, hata kiwe kisafi. Mwaka ule nguo za nyumba yangu zilichakaa kwa kufuliwa. Lakini sikumpiga, na sikumziba tena na kabati. Shangazi yangu yuko hai, na nilimuuliza mshauri kama ni lazima nimsamehe. Akasema kusamehe si lazima niende kula kwake. Siendi kula kwake.

Miaka tisa nilikuwa nimeishi hivyo, nikijisifu kimoyomoyo, ndipo kungwi akaja kunidai mlango. Nilibishana na dada, nikabishana na mume wangu ambaye hakuwa amesema kitu, nikabishana na cherehani. Bila mlango hakuna kungwi, na bila kungwi mwanangu angebaki mtoto mpaka azeeke. Nikiweka mlango, nami ni shangazi. Ijumaa niliwaeleza wenzangu. Yule mama wa makovu alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mlango sio ishu, mwenzangu. Ishu komeo linakaa upande gani."

Sikungoja kikao kiishe. Nilimpigia mume wangu simu palepale. "Tengeneza mlango," nikamwambia. "Komeo liwe ndani. Nje usipigilie hata msumari."

Akasema, "Nitatumia mninga."

Aliutengeneza kwa siku nne. Komeo alilichonga nene, la mbao, lenye kishikio kikubwa ambacho vidole vya mwanangu, visivyopenda vitu vidogo, vingekikamata bila taabu, na alimpima kwanza ili likae usawa wa kifua chake. Kisha yule binti akaanza mazoezi. Kufunga, kufungua. Kufunga, kufungua. Wiki mbili nzima nyumba yetu ililia kwaa, kwaa, mpaka ndege wakahama uani. Mara ya kwanza alipojifungia na kujifungulia mwenyewe alitoka akanishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza nitazame mlango, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua ni kitu gani.

Kungwi alipolikagua komeo alitikisa kichwa. "Mwali ajifungie mwenyewe? Mambo ya Dar haya." Akavuta ugoro. "Haya. Ila asinifungie mie nje."

Siku ya kwanza alimfungia nje. Kungwi alikuwa ametoka kwenda chooni, na mwali akafanya alichofundishwa, akalisukuma komeo. Mama wa watu alibembeleza karibu nusu saa, na mimi nilikuwa kwenye cherehani najiuma midomo nisicheke.

Kwa desturi yetu mama haingii kwa mwali. Siku saba sikumwona mwanangu. Chakula alikipeleka dada yangu, ambaye alikuja siku ya pili akisema amekuja kusaidia kupika tu, na siku ya tatu nikamsikia humo ndani anaimba kwa sauti ya juu kuliko kungwi. Mimi niliketi barazani na sare zangu nikisikiliza. Ya ndani mengi ni siri ya wanawake, siyaandiki. Ila nilisikia jinsi ya kufua na kubadili pedi ikirudiwa mara ishirini. Nilisikia kuamkia wakubwa. Nilisikia, "Mtu humjui akikuita unasemaje?" na sauti nzito ya mwanangu ikijibu, "Sitaki." "Akikushika mkono?" "Sitaki, sitaki, sitaki." Kungwi hakukasirika hata mara moja. Siku ya nne alitoka kupata hewa, akaniambia kama mtu anayesema habari za mvua, "Wenzake niliwafundisha siku tatu wakasahau siku ya nne. Huyu kikimwingia hakitoki." Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Katika miaka kumi na tano hakuna aliyekuwa amewahi kuniambia mwanangu anawazidi wenzake kwa jambo.

Siku ya tano walikuja.

Walikuwa watatu. Mbele alikuwa mjumbe wetu wa mtaa, mzee ninayemshonea suruali. Nyuma yake msichana mwenye faili mkononi, afisa ustawi wa jamii. Na nyuma kabisa, jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke wa kwetu kabisa, wa Masasi, ambaye juzi yake alikuwa ameniuliza mtoto yuko wapi mbona haonekani. Habari za mwali hazitangazwi kabla hajakaribia kutoka, na mimi kwa jeuri yangu nilimjibu, "Una shida naye?" na kumfungia geti. Jeuri yangu ndiyo iliyowaleta.

"Mama," afisa alisema kwa adabu, "tumepata taarifa una mtoto mwenye ulemavu, na umemfungia ndani."

Pua yangu ilijaa harufu ya mkaa. Naapa niliisikia. Nilishika meza ya cherehani, na kwa kitambo nilikuwa mimi ndiye niliye ndani ya stoo na mimi ndiye niliyefunga. Kisha hasira ikaja, na mikono ikaanza kuwasha.

"Nisamehe dakika moja," nikasema. Nikaenda kwenye karai, nikafua kitambaa kisafi, nikakikamua, nikakianika. Walinitazama bila kuelewa. Niliporudi sauti ilikuwa imeshakaa sawa.

"Ni mwali," nikawaambia. "Anachezwa. Anatoka Jumamosi."

"Nani?" mjumbe akauliza.

"Mwanangu."

Jirani yangu aliweka kiganja mdomoni. Mwanamke huyu alikuwa amekaa na mimi ukuta mmoja siku zote hizo. Aliona mlango mpya ukiingia. Aliona kungwi akija na mkeka wake. Alisikia nyimbo alizoimbiwa yeye mwenyewe akiwa msichana. Ingekuwa nyumba nyingine yoyote pale mtaani angekuwa ameshaanza kunyoosha kanga zake kwa ajili ya sherehe. Kwa kuwa ni nyumba yangu na ni yule binti, akaenda kushitaki. Na mjumbe naye, mtu wa pwani, aliyewacheza mabinti zake wote, aliambiwa dalili zote hizo na bado akaniletea mtu wa faili.

"Samahani, mama," mjumbe akasema akitazama chini. "Hata mie sikuwaza."

"Hukuwaza nini?"

"Kwamba... na yeye."

Afisa alisema ananielewa, lakini hawezi kuondoka bila kumwona mtoto. Kungwi akajibu kutoka ndani kwamba mwali haonekani, na atakayemwona kabla ya siku yake ataanza yeye kuwekwa ndani. Nilimhurumia yule msichana. Alikuwa anafanya kile ambacho hakuna aliyekifanya Segerea nilipokuwa mdogo, na hilo nililiona hata kwenye ukungu wa hasira. Nikamwambia, "Huwezi kumwona. Lakini unaweza kuongea naye." Mjumbe nilimwacha nje, maana ni mwanamume. Afisa nikampeleka mpaka mlangoni.

Aligonga. "Hujambo, mdogo wangu?"

Akagonga tena.

"Nani amekufungia humo?"

Mwanangu akiulizwa kitu na mtu mgeni huwa anajificha nyuma yangu, na mimi humjibia, na sasa sikuwa na pa kumfichia. Dada alikuwa ameacha kuchambua mchele. Kisha komeo likasogea, kwaa. Mlango haukufunguka. Likasogea tena, kwaa.

"Mie," akasema.

"Umejifungia mwenyewe?"

"Mie. Mama hafungi."

Afisa alinitazama, nami nikaangalia ukuta, kwa sababu uso wangu haukuwa wa kutazamwa na mgeni. Nilikuwa nimesubiri miaka tisa kujua kama anaikumbuka ile siku ya kabati. Huenda anaikumbuka, huenda haikumbuki, sitajua kamwe. Lakini alipoulizwa na serikali juu yangu, alisema hivyo.

"Unaweza kunifungulia kidogo nikuone?"

"Sitaki. Wewe nani?"

"Mimi ni afisa..."

"Sikujui."

"Umekula?"

"Wali. Maharage. Nenda."

Yule msichana alicheka mpaka akaegemea faili. Aliandika maneno machache, akaniomba nimpe kiti, akanywa chai yangu. Alipokuwa anaondoka aliuliza kwa sauti ya chini kama watu wasio ndugu wanaruhusiwa kuja Jumamosi.

Jumamosi hiyo uwanja wetu ulijaa kuliko nilivyopika. Kungwi alikuwa na wasiwasi mmoja tu, kwamba mwali ni mzito, amejaza mwili, na wasaidizi wake wawili hawamuwezi. Akashauri atoke kwa miguu. Nilikuwa bado natafuta la kusema wakati wenzangu wa Ijumaa waliposogea, wamevaa kanga za aina moja ambazo hawakuniambia kama wamenunua. "Tupisheni," akasema mama wa makovu. Waliinama, wakamkalisha mabegani, wakainuka naye kwa pamoja. Hawa ni wanawake wanaobeba watoto wakubwa kila siku ya maisha yao, kwenda choo, kwenda kliniki, kupanda na kushuka. Hakuna kati yao aliyeyumba.

Walimtoa nje na ngoma zikaanza. Alikuwa ameinamisha kichwa chini ya kanga yake nyekundu, shanga kiunoni na shingoni, kama alivyofundishwa. Mwali hasemi na hacheki mpaka atuzwe na watu wote, na wasichana wengi hushindwa, hupiga jicho pembeni na kutabasamu. Yeye hakushindwa. Walimtuza mashangazi wa upande wa baba yake, mwalimu wa kitengo akamtuza, mjumbe akamtuza kwa kumbandikia noti mkononi, akaja jirani yangu na doti mpya ya kanga akamfunika nayo magoti, asinitazame usoni. Mwanangu hakutikisika. Hakuna aliyecheka. Nilizunguka uwanja ule wote kwa macho, mmoja mmoja, nikitafuta wa kugombana naye, na sikumpata. Mume wangu alikuwa amesimama chini ya paa la jirani na mafundi wenzake, anajifanya vumbi limemwingia machoni.

Zamu yangu ilipofika nilipaswa kucheza mbele yake na kumtuza mimi mama mzazi. Nilicheza. Nilipofika miguuni pake na kumtazama kutoka chini, nikaanza kulia. Sikulia kistaarabu. Nililia kwa kelele, na kamasi, kanga ikinidondoka begani, mpaka mpiga ngoma mmoja akapunguza mkono.

Ile kanga nyekundu ikainuka kidogo. Mwanangu akanitazama kwa jicho moja, akakunja uso.

"Mama, acha," akasema, na uwanja mzima ukasikia. "Watu wanaona."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka wale waliombeba wakaanza kutikisika kwa kicheko. Kungwi akashika kiuno, akasema wali wa siku hizi hawana adabu. Mimi nilifuta uso kwa upande wa kanga. Tangu azaliwe watu wamekuwa wakingoja nimwonee aibu mwanangu, barabarani, msibani, kliniki, na sasa yeye ndiye aliyekuwa ananionea aibu mimi, mbele za watu, kama msichana mwingine yeyote wa umri wake mwenye mama asiyejua kujizuia. Nikamwambia, "Samahani, mama," nikajifunga kanga vizuri, nikacheza.